Kabla Hujalaumu Vidole, Tuni Gitaa



Safari hii wachumba na mawifi tuwaweke pembeni, maana maswali ya gitaa yamezidi hata ya mapenzi. Mnauliza kwa namna tofauti lakini kilio ni kimoja: "Dada, kodi nimezishika. C naijua, G naijua, F inaniumiza lakini inatoka. Mbona wimbo hausikiki kama wa mwenyewe?" Halafu mnaanza kujilaumu. Vidole vifupi. Nimechelewa kuanza. Mtoto wa kike na gitaa wapi na wapi. Hilo la mwisho sijui nani kawaambia, na akija kwangu tutaonana.

Nawajibu kama dada yenu: mara nyingi vidole havina kosa. Ama gitaa halijatuniwa sawasawa, ama mwenye wimbo alilituni kwa namna nyingine kabisa, na wewe unautafuta wimbo wake mahali ambapo haupo. Haya ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na la kwanza. Gitaa kavu la kawaida lina nyuzi sita, na uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa. Wa sita ni mnene, ulio karibu na kidevu chako unapolipakata gitaa. Kutoka wa sita kwenda wa kwanza, tuni ya kawaida ni E, A, D, G, B, E. Ile E nene hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na E nyembamba karibu mara 330, yaani oktavu mbili juu yake. Kipimo kinachotumika duniani ni A ya 440. Uzi wako wa tano ukipigwa bila kubonyezwa ni A ya 110, oktavu mbili chini ya hiyo. Kama kwaya yenu ina kinanda, chukua A pale. Usikisie, maana utakuja kugundua umekisia wakati sauti ya kwanza imeshaanza kuimba.

Ukishapata uzi mmoja wa uhakika, nyingine unazitoa kwenye huo huo. Bonyeza uzi wa sita freti ya 5, upate A, na uzi wa tano ulingane nayo. Uzi wa tano freti ya 5 unakupa D ya uzi wa nne. Uzi wa nne freti ya 5 unakupa G ya uzi wa tatu. Hapa sasa fungua macho: uzi wa tatu unabonyezwa freti ya 4, siyo ya 5, ndipo upate B ya uzi wa pili. Kisha unarudi freti ya 5 kwenye uzi wa pili, upate E ya mwisho.

Ile freti ya 4 ndiyo inayowaangusha wengi, na hakuna anayewaeleza sababu yake. Nyuzi za gitaa zimeachana kwa hatua tano za nusu sauti, isipokuwa G na B, ambazo zimeachana kwa nne. Kama pote ingekuwa tano, gitaa lingesomeka E, A, D, G, C, F, na kweli wapo wapigaji wanaolituni hivyo. Lakini hapo nyuzi mbili za pembeni zingekuwa E na F, ambazo zikilia pamoja zinagombana, na zile kodi za nyuzi sita tunazozishika kwa vidole vitatu zingetuponyoka. Kupunguza hatua moja katikati kumefanya pembeni kuwe na E na E, na kodi zikae mkononi. Kwa hiyo hata tuni tunayoiita ya kawaida haikushuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano yaliyochaguliwa kwa sababu ya urahisi wa mkono, na makubaliano mtu anaweza kuyabadilisha akiwa na sababu nzuri. Hapo nitarudi.

Kwanza maneno machache ya kugombezana. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana utasikia wimbi, sauti inapanda na kushuka, wau, wau, wau. Kadiri unavyokaribia, wimbi linapungua kasi, na likitulia kabisa umefika. Hilo wimbi ndilo mwalimu wako. Programu za simu ni nzuri, sizikatai, hasa jukwaani penye kelele. Lakini zipo zinazojua E, A, D, G, B, E tu. Ukitaka kushusha uzi uwe D, programu inakung'ang'aniza upandishe hadi E. Weka ile namna ya kusoma noti zote kumi na mbili, na hakikisha kipimo chake kimesimama 440.

Jingine: noti ifikie kwa kupanda. Ukiipita, legeza mpaka chini yake, kisha kaza tena taratibu. Ukiishia kwa kulegeza, uzi unabaki na ulegevu kidogo kwenye kigingi, na ukipiga mara tatu tu umeshuka. Nyuzi mpya nazo zivute kwa mkono, zituni, zivute tena, mpaka zitulie. Kwetu huku pwani chumvi ya hewani na jasho la mkono vinakula chuma haraka, kwa hiyo futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Uzi ulioota kutu hautuniki. Unaweza kuukaza mpaka kesho, freti ya kwanza itakubali na ya saba itakataa.

Na tafadhali sana, gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilitie za chuma. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma inalivuta gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, nyuzi zote sita kwa pamoja. Gitaa la nailoni halikuundwa kubeba hayo. Daraja litang'oka, na fundi atakwambia bei itakayokufanya ukae chini.

Sasa tatizo la pili, ambalo ndilo tamu.

Ukiona wimbo una besi nzito chini ya kodi ya D, besi ambayo huipati hata ukitafuta wapi, yaelekea mpigaji ameshusha uzi wa sita kutoka E hadi D. Nyuzi nyingine hazijaguswa. D, A, D, G, B, E. Hapa ndipo ninapotaka kila mmoja wenu aanzie, kwa sababu unabadilisha uzi mmoja na unapata gitaa linalosikika kubwa zaidi. Kuhakiki ni rahisi: uzi wa sita freti ya 7 ulingane na uzi wa tano ukiwa wazi. Kodi ya D sasa unaipiga nyuzi zote sita bila woga. A na C zinabaki zilivyo, mradi usiguse uzi wa sita. G ndiyo itakayokudai: besi yake ilikuwa freti ya 3, sasa imehamia freti ya 5. Zoea hilo kabla ya kwenda mbele. Nyimbo za kwaya zilizo katika D zitapendeza mpaka mwalimu wa kwaya aulize umenunua gitaa jipya lini.

Kutoka hapo, wengi huvutiwa na tuni za wazi. Tuni ya wazi ni ile ambayo ukipiga nyuzi zote bila kubonyeza chochote, unasikia kodi kamili. Maarufu kuliko zote ni ya G: uzi wa sita unashuka hadi D, wa tano unashuka hadi G, wa kwanza unashuka hadi D. Inakuwa D, G, D, G, B, D. Hakiki hivi: uzi wa sita freti ya 5 ulingane na wa tano, wa tano freti ya 7 ulingane na wa nne, wa pili freti ya 3 ulingane na wa kwanza. Ukimaliza rudia zote tangu mwanzo, maana ukilegeza nyuzi tatu shingo inapumua kidogo na zile ulizoziacha zinapanda zenyewe.

Raha yake ni hii. Bila kidole, una G. Laza kidole kimoja freti ya 5, una C. Kilaze freti ya 7, una D. Kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi sana za dunia hii, kwa kidole kimoja. Mtoto wa miaka saba anaweza. Mtu mwenye ganzi ya vidole anaweza. Ubaya wake ni kwamba kodi za huzuni, zile ndogo, zinakuwa kazi, na ukishindwa kujizuia kila wimbo wako utafanana na wa jana.

Tuni hii imetembea. Wapigaji wa bluzi wa kusini mwa Marekani waliitumia na kuteleza na shingo ya chupa juu ya nyuzi. Keith Richards wa Rolling Stones aliichukua mwishoni mwa miaka ya 1960, akautoa kabisa uzi wa sita, akabaki na nyuzi tano, na kwa hizo tano akapiga nyimbo zinazochezwa hadi leo. Kule Hawaii wanaiita kwa jina la shamba la magimbi, na ni moja ya tuni nyingi za mtindo wao wa kulegeza nyuzi. Magitaa yalifika huko katika miaka ya 1830, pamoja na wachunga ng'ombe wa Meksiko walioletwa na mfalme Kamehameha wa Tatu kuwafundisha watu wake kazi ya ng'ombe. Wahawaii wakalituni kwa masikio yao wenyewe, na familia nyingi zilizificha tuni zao kama siri ya nyumbani.

Ukitaka ya D badala ya G, ni D, A, D, F kali, A, D. Ipo pia ya E, ambayo ni E, B, E, G kali, B, E, lakini hiyo inataka ukaze nyuzi tatu kupita kawaida. Sikushauri kwenye gitaa kavu, hasa la bei nafuu. Tuni ya D uiwekee kapo freti ya 2, umepata E ile ile bila kulitesa gitaa. Kanuni yangu ni fupi: tuni ya kulegeza jaribu kadiri unavyotaka, ya kukaza fikiria mara mbili.

Kuna msichana kati yenu aliyeniandikia kwamba mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu utotoni, na mwalimu wake amemwambia achague marimba. Mdogo wangu, kaa vizuri nikueleze habari za Joni Mitchell. Huyu ni Mkanada aliyezaliwa mwaka 1943, na akiwa mtoto wa miaka tisa aliugua polio. Mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Alipoanza gitaa, kodi zinazotaka kunyoosha na kukaza vidole zilimshinda. Hakuacha. Alizigeuza nyuzi zenyewe, akatafuta tuni ambazo vidole viwili vitatu, au kidole kimoja kilicholazwa, vinatoa sauti aliyokuwa akiisikia kichwani. Katika maisha yake ya muziki ametumia tuni zaidi ya 50. Wapigaji wenye mikono mizima wamekesha wakijaribu kuziiga kodi zake katika tuni ya kawaida na wameshindwa, kwa sababu hazimo humo. Albamu yake ya Blue ya mwaka 1971 itafute uisikilize, kisha umpelekee mwalimu wako salamu zangu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tuni za wazi ni za wavivu, najua hajui anachosema. Ila na mimi nina neno kwa wavivu. Kuihama tuni ya kawaida kwa sababu tu F inakuumiza ni kama kuhama nyumba kwa sababu ya panya. Huko unakokwenda nako wapo. Jifunze F kwanza. Wiki tatu, mwezi, itakaa. Badilisha tuni kwa sababu sikio linataka kitu, au mwili una sababu yake, siyo kwa sababu ya hasira.

Wa pwani, hii inayofuata ni yenu. D, A, D, G, A, D. Toka kwenye ile ya mwanzo yenye uzi wa sita D, kisha shusha uzi wa pili hadi A, ulingane na uzi wa tatu freti ya 2, na wa kwanza hadi D, ulingane na wa pili freti ya 5. Piga nyuzi zote. Utasikia kodi ambayo si ya furaha wala si ya huzuni, imebaki mlangoni. Mwingereza Davey Graham ndiye aliyeitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa Moroko, akataka kupiga pamoja na wapigaji wa udi, na gitaa lake la kawaida likawa linamkwaza kwa kodi zake. Akalituni ili nyuzi kadhaa zilie D na A tu, zishike msingi, na uzi mmoja au nyuzi mbili zikimbie na melodi. Nyinyi mliokua mkisikia udi kwenye taarabu hamhitaji maelezo marefu. Shikilia melodi kwenye uzi wa tatu, acha D na A zivume, na usiogope kukaa kwenye kodi moja dakika nzima. Mfaransa Pierre Bensusan, aliyezaliwa Algeria, amejenga karibu kazi yake yote kwenye tuni hii moja. Hilo nalo mlizingatie: hakuwa na haja ya 50.

Afrika yetu haikungoja kufundishwa kugeuza nyuzi. Sikilizeni D'Gary wa Madagaska, anayelituni gitaa lake ili litoe mlio wa marovany, lile sanduku la nyuzi la kwao. Vidole vinakimbia mpaka unatafuta mtu wa pili yuko wapi. Na kwenye bendi za Kongo lipo gitaa la mi-composé, ambalo uzi wake wa nne, D, unaondolewa na mahali pake unawekwa uzi mwembamba unaotuniwa oktavu moja juu. Ndiyo ile sauti ya kumetameta unayoisikia katikati ya rizimu na solo, na wapigaji wengi wa hapa wanahangaika kuipata kwa kodi za ajabu wakati siri ni uzi mmoja. Hii unaweza kuifanya kwenye gitaa kavu kesho asubuhi. Nunua uzi wa ziada, basi.

Lakini kabla hamjakimbilia Moroko na Hawaii, nataka mumsikilize Mwenda Jean Bosco. Mwanamume wa Katanga, alikuwa akiimba Kiswahili. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa, na wimbo wa Masanga ukatoka hapo. Gitaa moja kavu, kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinapiga melodi, na midundo inapishana mpaka wageni walidhani wapigaji ni wawili. Kule magharibi mwa Kenya George Mukabi naye alikuwa na gumba la namna hiyo, na vijana wengi walijifunza kwake kabla hajafariki mwaka 1963. Masanga umetuniwa E, A, D, G, B, E. Kodi yake ya msingi ni C ile ile uliyofundishwa siku ya kwanza. Tafuta rekodi, upunguze kasi kwenye simu, ufuate gumba peke yake kwanza. Ukiweza hilo, nitakuamini ukiniambia tuni ya kawaida imekuchosha.

Jambo dogo moja kwa wale wenye sikio kali, wanaolalamika kwamba kwenye tuni ya wazi ya G uzi wa B unapiga kelele hata programu ikisema uko sawa. Hamjakosea kusikia. Nusu sauti moja imegawanywa senti 100, na B ya kwenye kinanda iko karibu senti 14 juu ya ile ambayo sikio lingependa ndani ya kodi ya G. Kinanda kimefanyiwa hivyo ili kila kodi ivumilike. Ukiwa peke yako kwenye tuni ya wazi, ushushe uzi wa pili kidogo sana mpaka kodi itulie. Ukiwa na kinanda cha kanisa, uache.

Na wale wa kwaya mnaolalamika kwamba nyimbo ziko juu mno kwa sauti zenu: msibadilishe kodi, shusheni nyuzi zote nusu sauti. E iwe E bapa, A iwe A bapa, na kuendelea. Vidole vinabaki pale pale, waimbaji wanapumua, na nyuzi zinalainika kwa wenye vidole vipya. Mpiga kinanda mwambieni mapema, asije akaanza kwa ufunguo wake mkaonekana mmegombana.

Nikipanga mimi, ningesema hivi. Miezi sita ya kwanza kaa na tuni ya kawaida na utuni kwa sikio kila siku, simu iwe ya kuhakiki tu. Kisha ongeza ile ya uzi wa sita D. Ukishaizoea, chagua moja tu kati ya G ya wazi na ile ya Davey Graham, ukae nayo mpaka uweze kutunga wimbo ndani yake bila kutafuta tafuta. Tuni tatu zinamtosha mpigaji wa kawaida maisha yake yote. Na yule mdogo wangu wa mkono wa kushoto, wewe usifuate mpango huu. Anza moja kwa moja na D, G, D, G, B, D, halafu uniandikie umefika wapi.

Wengine wote, kabla ya kuniletea swali lingine la vidole, niambieni kwanza nyuzi zenu mlizibadilisha lini.